Siku Niliyovitupa Visu vya Baba

Tulipomaliza matanga ya Baba, mdogo wangu alitoka stoo amekumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa gunia. "Hiki ni chako," akaniambia, akakiweka miguuni pangu kwa kishindo. Kilikuwa kinoo cha Baba, jiwe la kijivu lililolika katikati likabonyea kama mgongo wa punda mzee. Nikalimwagia maji kidogo, nikalisugua kwa kiganja. Ikapanda harufu ya jiwe lililolowa na ya chuma, kali kidogo, kama unapoweka sarafu mdomoni. Nikakaa pale pale chini, mtu mzima mwenye wajukuu, nikawa na miaka tisa tena.

Wale wa rika langu mtakumbuka jinsi kisu kilivyokuwa kitu cha thamani. Siku hizi kikiwa butu tunanunua kingine. Wakati ule kisu cha jikoni kilinolewa mpaka kikawa chembamba kama jani la mchaichai, na bado mama hakukubali kitupwe.

Nyumbani kwetu, juu milimani, Ijumaa mchana ilikuwa siku ya kunoa. Tulikuwa watu wa Sabato, kama wengi wa upande ule, na jua likishazama Ijumaa hapakuwa na kazi tena mpaka lizame Jumamosi. Kila kitu kilipaswa kuwa tayari: kuni zimepasuliwa, makande yameiva, visu vimenolewa. Baba alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mahali ambapo ungeweza kuona tambarare yote ya Same chini kule, ya rangi ya kahawia, na moshi wa treni ukijikokota. Kunoa alijifunza huko chini, alipokuwa mkata mkonge kabla sijazaliwa. Alifundishwa na mtu wa Songea waliyekaa naye chumba kimoja kambini. Mkonge hauna huruma, alikuwa akituambia. Ukienda na kisu butu, bega linakufa kabla ya saa nne.

Kazi yangu mimi ilikuwa kumwaga maji. Nilichota kwa kikombe cha bati, nikadondosha pale tu alipoinua kisu. Alikilaza karibu na jiwe, akakisukuma mbele, akakirudisha, upande huu mara kadhaa, upande ule mara zile zile, hana haraka. Akimaliza alijaribu makali kwenye nywele za mkono wake. Zikianguka alitikisa kichwa kwa kuridhika, akakifuta kisu, akakipaka mafuta ya nyonyo kisile kutu, akakiviringisha kwenye kitambaa. Mkono wake wa kushoto haukuwa na nywele kabisa. Nilikuwa nadhani baba wote wako hivyo.

Mwaka huo shamba la kijiji lilifunguliwa kwenye mteremko wenye vichaka, na kila nyumba ilitoa watu siku mbili kwa wiki. Bibi, mama yake Baba, hakulazimishwa. Umri ulikwishamtoa kwenye orodha. Alikwenda kwa hiari yake. "Nikae nyumbani nitazamane na kuku?" alisema. Siku moja akateleza, kisiki cha kichaka kikamchoma juu kidogo ya kifundo cha mguu wa kushoto. Akafunga kitambaa, akaendelea kulima mpaka filimbi ya kuondoka ikapigwa.

Kidonda kile kilikuwa na hila. Kilijifunga juu, tukafurahi, kisha mguu ukavimba, kikapasuka tena. Nilikuwa nalala kitanda kimoja na Bibi, na kadiri wiki zilivyokwenda nilianza kusikia harufu yake, ingawa alikuwa akiusogeza mguu ule mbali nami, nje ya blanketi. Mwishowe akawa hawezi kuukanyagia. Alikaa mlangoni akichambua maharage, mguu umenyooshwa kwenye gogo, akitania kila aliyepita.

Alhamisi moja daktari wa zahanati yetu alikuja kumwangalia. Alipomaliza, yeye na Baba wakasimama nje kuzungumza, karibu na banda la ng'ombe. Hawakujua kwamba nimo humo ndani, nampa ng'ombe majani ya migomba.

"Mguu huu ukiendelea hivi utakatwa," daktari alisema. "Tusidanganyane, ndugu yangu. Na tukichelewa zaidi ya hapo tutampoteza mwenyewe."

Baba akauliza, "Lini?"

"Jumapili asubuhi. Usiivushe Jumapili. Utafute wanaume wanne wenye nguvu."

"Wanne nitawapata. Mapanga ndiyo butu, lakini kesho ni siku yangu ya kunoa."

"Basi. Na mama mwenyewe usimweleze mambo mengi. Ataogopa akatae."

Nilibaki nimeshika jani la mgomba, ng'ombe akilivuta upande wake. Nilikuwa nimeona ng'ombe akichinjwa kwenye sikukuu ya kijiji. Wanaume wanne walimlaza, kila mmoja na mguu wake, na Baba akaja mwisho na kisu, kwa sababu kisu chake ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote kijijini. Kwangu mimi hapakuwa na kitu cha kuuliza zaidi. Mguu ulikuwa ukatwe Jumapili, watu wanne wangemshika Bibi, na mwenye kisu alikuwa Baba.

Siku ya pili yake wanaume wanne walipita nyumbani, kila mmoja na panga lake, wakayaacha kwa Baba. Wa kwanza alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene mwenye sauti nzito. Alimsalimia Bibi kwa adabu kubwa, nami nikamchukia. Baba alianza kunoa mapema kuliko siku zote. Alinoa mapanga yote matano, lile letu likiwemo, akanoa mundu, kisu cha jikoni, kisu cha kuchinjia, hata kile kisu chake cha mkonge kilichokuwa kinakaa juu darini tangu aache kazi. Maji niliyomwaga yakaenda pembeni.

"Mbona unamwaga chini leo?" akaniuliza.

Nikachota tena. Akainua kisu cha kuchinjia, akakipitisha kwenye mkono, akatabasamu. "Hiki sasa kinapita kama kwenye maji."

Nilikimbilia jikoni kwa Mama. "Mama, Jumapili kuna nini?"

"Nani amekwambia kuna kitu?" Alikuwa akikunja kanga na shuka ndani ya kikapu. Hakunitazama. "Jumapili wewe utakaa na wadogo zako, msiwe njiani. Ni mambo ya watu wazima."

Asubuhi ya Jumamosi, wengine wakijiandaa kwenda kusali, nilikaa kitandani kando ya Bibi. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama kisu kinauma.

"Kikali hakiumi," alisema, akinifunga kifungo cha gauni. "Unaona damu ndipo unajua umekatwa. Butu ndicho kinachotesa. Kwa nini unauliza?"

Nikaona kwamba anajua, na amekubali. Hilo ndilo lililonimaliza. Nilimwambia Mama tumbo linaniuma, akanishika paji la uso, akasema basi nibaki nimwangalie Bibi.

Walipotoweka njiani, na Bibi aliposinzia mlangoni kwenye jua, niliingia stoo. Nilitia vyote kwenye gunia, visu vitatu, mundu, mapanga matano, nikafunga mdomo wake kwa kamba ya mkonge. Nilitaka kuchukua na kinoo, kisije kikanoa vingine, lakini kilinishinda. Gunia nililivuta kwa kamba kama watoto wanavyovuta gogo la mgomba, nikateremka nalo hadi kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na mababu, ambamo maji ya mfereji hukusanywa usiku na kufunguliwa mchana kwenda mashambani kwa zamu. Siku ya Sabato hakuna aliyefungua, kwa hiyo lilikuwa limejaa hadi ukingoni, kimya. Nikalisukuma gunia. Lilizama haraka kuliko nilivyotegemea, likatoa mapovu, kisha maji yakatulia kama vile hakuna kilichotokea.

Nilirudi nikala makande baridi kwa hamu ambayo mgonjwa wa tumbo hana. Jioni tulikula yaliyobaki, hakuna aliyehitaji kisu. Nililala nimemshika Bibi kiunoni, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi nililala usingizi wa kweli.

Jumapili wale wanne walifika jua likianza kugusa mabati ya shule. Baba aliingia stoo akatoka mikono mitupu. Akaingia tena. Nilimsikia akisogeza madebe, halafu akasimama mlangoni uso umebadilika.

"Hakuna kitu. Hata kimoja."

"Hakuna vipi?" balozi akauliza.

"Mapanga yenu, visu vyangu. Vyote. Tumeibiwa."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja alitaka kukimbia kuazima panga kwa jirani, lakini jirani wa karibu aliyebaki na panga alikuwa ng'ambo ya korongo. Mwingine akasema tumbebe mama mgongoni. Baba akakataa, mguu ule haukunjiki, na njia ya mkato ilikuwa imefungwa na vichaka tangu masika. Bila kufyeka hapiti mtu na mgonjwa.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni lake la kanisani na kilemba cheupe. Miguuni kwake kilikuwepo kile kikapu cha Mama. Hakuonekana kama mtu anayesubiri kuchinjwa. Alionekana kama mtu anayesafiri.

"Saa ngapi sasa?" Baba alimuuliza balozi, mwenye saa pekee. Alipojibiwa akashika kichwa. "Lori likitupita leo, lingine ni Jumatano. Daktari alisema usiivushe Jumapili. Mama yangu atafia humu ndani, jamani."

Sijawahi kumsikia Baba akizungumza kwa sauti ile. Ilikuwa sauti ya mtoto.

"Baba," nikasema, "lori la nini?"

"Nenda kwa wadogo zako."

"Lori la nini, Baba?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa kunifukuza tu. "La kumpeleka Bibi hospitali Same! Wanaume hawa wanakata miti ya machela wambebe mpaka barabarani. Haya, ondoka!"

Wanaume wanne walikuwa wa kubeba machela. Mapanga yalikuwa ya kukata miti na kufyeka njia. Vyote vilikuwa chini ya maji, na aliyeviweka huko ni mimi.

"Viko kwenye ndiva," nikasema.

"Nini kiko kwenye ndiva?" balozi akauliza.

"Visu. Nilivitupa mimi. Mlitaka kumshika Bibi, ninyi wanne, Baba amkate mguu."

Nilitegemea kofi. Badala yake nilimwona Baba akinitazama kama mtu aliyepigwa yeye. Kisha akageuka akakimbia, akivua shati njiani, na wale wengine nyuma yake. Ndipo nikasikia Bibi akicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Wanne!" alisema. "Kwani mimi ni dume la ng'ombe?"

Balozi alitaka kufungua ndiva yakimbie maji, ingawa haikuwa zamu yetu. Baba hakungoja. Aliingia na suruali yake, maji ya asubuhi ya milimani yakimfika kifuani, akatembea huku akipapasa tope kwa nyayo. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, midomo ikitetemeka. Mimi nilisimama ukingoni nikimwonyesha kwa kidole. "Pale, Baba. Hapana, huku." Mwishowe akasimama. Akazama mzima, akaibuka na kamba mkononi.

Kwa shukrani yangu ya milele kwa yule mtu wa Songea, vyuma vile vilikuwa vikali bado. Miti miwili ya mkaratusi ilianguka kwa mapigo machache tu. Wakafunga blanketi, wakamlaza Bibi, Baba akatangulia na mundu akifyeka. Mama alikuwa haonekani. Alishaondoka zamani, amepandisha kanga magotini, akiteremka mbio peke yake.

Yaliyotokea barabarani tulihadithiwa baadaye na utingo wa lori. Mama alifika lori likianza kuondoka, akaenda kusimama katikati ya barabara mbele yake. Dereva akapiga honi. Abiria wa gulio wakapiga kelele kwamba wanachelewa. "Nikanyage kwanza, ndipo upite," Mama akamwambia, yule Mama yetu ambaye hata kuku alikuwa akiwafukuza kwa adabu. Alisimama pale mpaka machela ikatokea kwenye kona.

Sisi watoto tulibaki na shangazi. Baba na Mama waliondoka na Bibi, nami nikabaki na hofu mpya, mbaya kuliko ile ya kwanza. Daktari alikuwa amesema wasichelewe, na mimi nimewachelewesha. Kama mguu ungekatwa sasa, haikuwa kazi ya Baba wala ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeukata mimi. Sikumwambia mtu. Nililala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani, nikiacha nafasi yake yote.

Baba alirudi siku ya tano, peke yake, amekonda. "Wamesema watajaribu kuuokoa," alimwambia shangazi. "Tusubiri." Mchana ule aliingia stoo, akatoka na vyuma vyote. Vilikuwa vimeachwa ovyo tangu Jumapili, vimelala na maji, na kutu ilikuwa imeota juu yake kama upele. Alivipanga chini. Akaleta kigoda chake na kigoda cha Bibi.

"Kaa," akaniambia.

Nilichukua kikombe cha maji. Akaninyang'anya, akakiweka upande wake. "Leo namwaga mimi."

Alinionyesha kusugua kutu kwa jivu na kitambaa kibichi mpaka chuma kirudishe rangi. Alinipa kisu cha jikoni, akaishika mikono yangu kwa nyuma. "Usikisimamishe. Kilaze. Zaidi. Sasa sukuma kama unataka kukata kipande chembamba cha jiwe." Mara ya kwanza kilikwaruza. Mara ya kumi nikaanza kusikia ile sauti laini niliyoijua. Tulimaliza kisu kile, tukahamia kingine, kisha akasema, huku akidondosha maji:

"Kwa kuvitupa sikukasirika. Nimekuwa nikifikiria kitu kingine kule hospitali. Tangu Alhamisi mpaka Jumapili ulikuwa unaamini kwamba mimi naweza kumkata mama yangu. Ulikula na mimi. Ulinimwagia maji."

Machozi yalinianguka kwenye kisu.

"Siku nyingine ukiogopa, njoo uniulize," alisema. "Hata kama unayemwogopa ni mimi. Njoo vilevile."

Ndipo nikamwambia ile hofu ya pili, ya kuchelewa. Akaweka kikombe chini. Akasema hata bila kuchelewa Bibi angepanda lori lile lile, kwa kuwa Mama alilisimamisha, na hospitali walifika kabla ya daktari mwenyewe kuingia wodini. Sijui kama ilikuwa kweli. Niliipokea kama kweli, na bega langu likashuka.

Mapanga ya majirani niliyarudisha mimi mwenyewe, moja moja, na kila mlango niliomba radhi. Balozi alijaribu lake kwenye nywele za mkono wake. Zikaanguka. "Amenoa nani?" akauliza. Nilipomwambia, hakucheka; alimwita mkewe aje aone.

Mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele utingo alipotuletea salamu kwamba Bibi anarudi Jumatano. Baba akamuuliza vipi mguu. Yule bwana akasema yeye kaambiwa Jumatano tu, mengine hakuambiwa.

Tulishuka barabarani mapema mno, Baba na mimi na wale wanaume wanne na machela yao. Lori lilipotokea, limejaa watu na madebe, nilimwona Mama akiruka chini wa kwanza. Alikuwa anazungumza kabla hajafika kwetu. "Walikata, ndiyo. Walikata nyama iliyooza, wakamkuta na kibanzi cha kisiki ndani, kirefu kama kidole changu hiki! Kilikuwa humo siku zote!" Baba alikuwa ameshika ubao wa lori kwa mikono yote miwili, akitikisa kichwa.

Kisha utingo akamshika Bibi kwapani kumteremsha. Nikatazama chini kabla ya kutazama uso wake. Ukashuka mguu wa kulia, ukakanyaga vumbi. Ukafuata wa kushoto, mwembamba, umefungwa bendeji nyeupe, ukakanyaga nao. Nilibaki nimeduwaa, nikiitazama miguu ile miwili.

"Siku hizi husalimii?" Bibi akauliza.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Akaegemea fimbo yake mpya, akausogeza mbele kidogo ule mguu wenye bendeji. "Salimia tena. Huyu wa kushoto hakusikia."

Nikapiga magoti barabarani, mbele ya dereva na abiria wote wa gulio, nikausalimia.